Kabati Lililokataa Rangi

Kabati lenyewe lina droo nne na miguu minne mifupi, na kwa miaka yote niliyokaa nalo katika nyumba moja hapa Kibiti sikupata kulitazama. Nililiona, bila shaka. Hakuna awezaye kupita kila asubuhi mbele ya kitu chenye upana wa mlango asikione. Lakini kuona si kutazama, na mimi niliyekuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo hadi kustaafu, nikisikiliza watu wakiapa kwamba wameona, nilipaswa kuijua tofauti hiyo kuliko wengi.

Lilikuwa la mama mkwe wangu wa Kiongoroni, kule delta, ambako mto unakaribia kuwa bahari na maji ya bamvua huingia hadi vizingitini bila kubisha hodi. Alipofariki, mke wangu alilichukua kuwa fungu lake. Lilisafiri kwa boti hadi Nyamisati, likapanda lori hadi kwetu, likawekwa pembeni mwa chumba chetu, jeusi kama tako la sufuria ya wali. Humo mke wangu aliweka khanga zake, vyeti vya watoto na vitu vingine ambavyo sikuruhusiwa kuvitafuta bila yeye kuwapo.

Mwaka huu mjukuu wetu wa kwanza wa kike aliposwa na kijana wa Chumbi, ng'ambo ya mto. Hapa kwetu vyombo vya bibi harusi hutangulia. Siku moja kabla ya ndoa hupakiwa garini, kitanda, godoro, masufuria, mikeka na kabati, vikapelekwa kwa mume huku wanawake wakiimba. Na huko wanawake wa upande wa pili huvipokea kimoja kimoja, wakivigeuza, wakivigonga na kuvisema. Linalosemwa siku hiyo halifutiki. Nimewajua wanawake walioitwa kwa jina la sufuria lao bovu mpaka wakapata wajukuu.

Mke wangu alitangaza kwamba kabati la mama yake litakwenda Chumbi pamoja na vyombo.

"Mama, hilo?" akasema binti yetu, ambaye ndiye mama wa bibi harusi. "Wale watu watauliza maiti yuko wapi."

"Lilikuwa la bibi yako."

"Najua, Mama. Lakini bibi hakuwa na wakwe wanaopiga picha kila kitu kwa simu."

Binti yetu alikuwa ameona Dar es Salaam meza ya kujipambia, nyeupe, yenye kioo kirefu na taa ndogo pembezoni mwa kioo. Chumba cha maharusi alikuwa ameshakiona, akakipima kwa hatua zake. Kilikuwa na ukuta mmoja tu wa kuegemeza kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo ama lingekwenda kabati, ama meza. Akatoa muda: Alhamisi ya juma la pili, siku mbili kabla ya vyombo kuondoka, atakuja kulikagua kabati. Likiwa bado katika hali ile, ataagiza meza.

 Mke wangu aliingia chumbani akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Nimeishi naye muda wa kutosha kufahamu maana ya kitendo hicho. Nikamfuata, nikamwambia kwamba kabati litapigwa msasa na kupakwa rangi ya maziwa, na kwamba kazi hiyo nitaifanya mwenyewe.

"Wewe?" akauliza.

"Mimi. Na ningeomba nisipewe maoni hadi kazi ikamilike."

"Sawa, Mheshimiwa," akasema, akaendelea kukunja. Huniita hivyo anapokuwa na jambo la kusema na ameamua kutolisema.

Jumatatu nilikwenda dukani kununua vifaa. Mwenye duka hilo la vifaa vya ujenzi ni rika langu. Babu yake alikuja kutoka Bara Hindi akafungua duka la nguo na chumvi, naye mwenyewe amezaliwa hapa hapa Kibiti na hupenda kusema kwamba kaburi lake amekwisha kulichagulia kivuli.

"Rangi ya kupaka nini, Mheshimiwa?"

"Kabati."

"La mti gani?"

"Binti yangu anasema mninga. Na fundi seremala wa mtaani kwetu naye alisema mninga, akiwa amesimama barabarani na kabati likiwa chumbani."

"Fundi ana macho makali huyo."

"Nimekwangua chini ya droo. Mbao ni nyekundu iliyoiva, na si mninga hata kidogo. Ni mkomafi, mti wa mikokoni ule ule unaotumika kujengea mashua."

Mwenye duka akaliweka kopo mezani polepole. "Mkomafi. Basi limetoka delta."

"Kiongoroni."

"Ulizia kwanza, ndugu yangu, kama halikupakwa mafuta ya papa. Watu wa kule wakishaipaka mashua, hawalali mpaka wapake na mlango. Ubao ulioshiba mafuta yale haushiki rangi."

"Umewahi kuliona kabati lililopakwa?"

"Sijaliona."

"Nani aliyekwambia?"

"Watu husema."

"Watu gani?"

"Watu, Mheshimiwa! Hawa hawa wanaopita!"

"Huo ni ushahidi wa tetesi," nikamwambia, "na haupokelewi."

"Basi pokea brashi," akasema, "na hii tina ya kuzimulia rangi chukua chupa mbili. Utazihitaji."

Nililitoa kabati uani, chini ya bati la jiko la nje, nikachomoa droo zote nne na kuzisimamisha ukutani. Droo zilisuguka vizuri. Msasa ulipita, unga mwekundu ukaanguka, na mbao ikatokea safi. Kiwiliwili kilikuwa na tabia nyingine. Kila niliposugua mara tatu au nne, msasa ulijaa utando mweusi unaonata kama lami, ukaacha kukwaruza na kuanza kuteleza. Nilitumia siku mbili na misasa mingi kuliko nilivyokusudia. Katika maungio ya mbao za pembeni nilikuta nyuzi za pamba zilizoshindiliwa kwa nguvu ndani ya nyufa, kama vile fundi alitaka hata upepo usipite. Nikahitimisha kwamba utando ni vanishi ya kizamani, na pamba ni ya kuzuia mende. Nilikuwa na ushahidi wote mikononi, na mwingine umenata kuchani, nikatoa hukumu isiyohusiana nao.

Mke wangu alipita mara kadhaa akienda kuchota maji. Mara moja alisimama, akaitazama pamba niliyoichomoa, akafungua mdomo, kisha akaufunga na kuendelea na ndoo yake. Nilimshukuru moyoni kwa kuheshimu makubaliano yetu.

Alhamisi nilipaka. Naomba niseme wazi kwamba sijapata asubuhi nyingi nzuri kama ile tangu nistaafu. Rangi ya maziwa, ikikorogwa vizuri, huanguka kutoka kwenye kijiti kama uji wa mchele. Brashi mpya hutii. Na mtu mzima aliyekaa juu ya kigoda akipaka droo huku redio ikisoma matangazo ya vifo vya watu asiowafahamu hana sababu ya kulalamikia dunia. Hadi adhuhuri kabati zima lilikuwa jeupe. Nilioga, nikasali, nikala, nikarudi kulitazama. Mke wangu naye alilitazama.

"Limependeza," akasema. Lakini aliligusa kwa ncha ya kidole kimoja, akakinusa kidole, akaenda zake.

Ijumaa droo zote nne zilikuwa zimekauka. Ukizigonga kwa kucha zililia. Kiwiliwili kilikuwa kibichi. Nikasema ni kivuli cha bati. Jumamosi nikakisogeza juani, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo. Kadiri jua lilivyopanda, rangi ilianza kuteremka yenyewe, ikakunjamana pembezoni kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na chini yake kukachomoza matone ya rangi ya asali. Harufu ikajaa uani. Jirani akachungulia juu ya ua wa makuti.

"Mzee, leo mna mgeni? Nasikia mnapika papa."

"Hatupiki chochote."

"Basi mmemficha wapi?"

Paka wa jirani huyo alifika kabla hajamaliza kusema, akafuata wa pili, kisha wa tatu ambaye sijui ni wa nani. Wakaketi watatu kwa safu mbele ya kabati, wakilitazama kwa heshima ambayo sikupata kuiona hata mahakamani. Kuku akapita, akaacha manyoya mawili juu yake. Nilipoinama kuyaondoa, kiwiko cha shati langu kikabaki huko pamoja nayo.

Jioni hiyo mjukuu wetu akapiga simu kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akisukwa na kushonewa.

"Mume wangu babu, hujambo? Kabati langu limekauka?"

"Linakauka."

"Mama anasema lina paka."

"Mama yako hayupo hapa. Amejuaje?"

"Jirani amemtumia picha. Babu, mimi nalitaka lile la bibi. Nikiwa mdogo nilikuwa nalala ndani ya droo ya chini, bibi anasema. Sasa mke mwenzangu akilia, na mimi nitalia, na wanja utaharibika. Fanya ufanyavyo."

Sikumwambia kwamba kulala ndani ya droo ni jambo aliloambiwa na si alilokumbuka. Palikuwa na haja nyingine kubwa zaidi.

Jumatatu, nikiwa na Alhamisi ya binti yangu mbele ya macho, nilikwenda dukani na kopo mkononi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza mwenye duka, mbele ya wateja wawili, kwamba rangi aliyoniuzia imeongezwa kitu.

Hakukasirika. Aliegemea meza yake. "Nikuulize maswali, Mheshimiwa?"

"Uliza."

"Droo umezipaka?"

"Nimezipaka."

"Zimekauka?"

"Zimekauka."

"Kwa rangi ya kopo gani?"

Nikaligeuza kopo mkononi.

"Shahidi ajibu swali," akasema mwenye duka, na wateja wakaanza kucheka.

"Kopo hili hili."

"Brashi hii hii? Siku moja? Mkono mmoja?"

"Ndiyo."

"Basi kopo halina kesi ya kujibu. Liachie huru, uende ukakamate mwingine."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikifikiri. Hoja yake ilikuwa sahihi, na ilikuwa ni hoja ambayo mimi mwenyewe ningeitoa kama nisingekuwa mlalamikaji. Rangi moja, siku moja, mpakaji mmoja, matokeo mawili. Tofauti basi imo katika mbao. Na mbao za droo na za kiwiliwili zilitoka mti mmoja. Kwa hiyo kiwiliwili kilifanyiwa kitu ambacho droo hazikufanyiwa. Nani angejua? Waliolitengeneza wamekwisha kufa. Mashemeji zangu wa Kiongoroni wangeniambia walichosikia. Nilifika nyumbani nikiwa bado natafuta mtu aliyeona kwa macho yake, nikamkuta mke wangu amekaa kwenye mkeka jikoni anachambua mchele.

Nikasimama mlangoni. 

"Bibi," nikasema, "hivi kabati lile, mama yako alikuwa akilipaka kitu?"

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mafuta ya papa."

"Ulimwona?"

"Nilishika debe." Akatupa chuya kando. "Kila mwaka mashua ya baba ilipopandishwa kupakwa, mama aliomba yanayobaki. Kaka zangu wanalitoa kabati nje, tunachomoa droo tunaziweka mbali, kwa sababu nguo zingenuka. Kisha mama anapaka kwa kitambaa, juu, pembeni, nyuma, na nyayo za miguu. Nyayo mara mbili. Aliyelitengeneza alikuwa fundi wa mashua, yeye hakujua kutengeneza kitu kisichotiwa pamba kwenye nyufa na mafuta juu yake. Maji ya bamvua yakiingia ndani, sisi tunapanda kitandani, kabati linabaki limesimama."

"Na hukuniambia."

"Mwenye duka, nasikia, ulimuuliza kama ameona. Mimi hukuniuliza." Hapo ndipo alipoinua macho, na alikuwa anacheka, mpaka akauweka ungo chini. "Tena ulisema hutaki maoni. Na mimi nikaona, labda rangi za siku hizi zinashika. Nilitaka zishike."

Neno hilo la mwisho lilinigusa kuliko kicheko chake. Nilimwomba radhi, jambo ambalo silifanyi mara nyingi kwa kuwa najitahidi kutolihitaji. Alipokea, akajifunga khanga ya pili kiunoni, akatoka uani. Kuanzia saa hiyo kesi ilikuwa yake, na mimi nilikuwa tarishi.

Kwanza tuliikwangua rangi yote ya kiwiliwili. Ilitoka kwa vipande virefu vinavyonata, nami nikapata fursa ya kuiangalia kazi yangu ya asubuhi ile nzuri ikirundikana kwenye karatasi. Kisha akanituma kwenye tanuri la matofali, ambako huchoma pumba za mpunga, nilete majivu ndoo mbili. Aliyakoroga kwa maji ya moto yakawa kama ugali mlaini, tukakiplasta kiwiliwili kizima, unene wa kidole, tukakiacha juani. Jirani akachungulia tena.

"Sasa mnalizika?"

"Linaoga," mke wangu akamjibu. "Wewe je?"

Jumanne alasiri majivu yalikuwa yamegeuka kahawia na yakaanguka kwa vibamba, kila kibamba kimenyonya mafuta na kunuka mashua. Tukaosha, tukaanika, tukaplasta tena. Jumatano yakaanguka ya pili, na safari hii mbao ikaonekana: nyekundu, kavu, yenye mistari mizuri ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameiona tangu fundi yule wa mashua alipoweka randa yake chini. Nilitaka kupaka rangi hapo hapo. Mke wangu akaniambia nisubiri jua la saa sita. Lilipofika, mbao ikaanza kutoka jasho. Vitone vidogo, si vingi, lakini vilikuwapo.

"Tuplaste mara ya tatu," nikasema.

 Mke wangu alichukua khanga kuukuu akaanza kusugua pale penye jasho, kwa duara, bila haraka, kama mtu anayemkausha mtoto. Palipokuwa pakavu na pa kufifia pakageuka rangi ya chai ya mkandaa iliyokolea, isiyo na maziwa, paking'aa kwa ndani. Akasugua upande mzima. Nikachukua kitambaa nikasugua upande wa pili. Tukarudi nyuma kulitazama.

"Acha hivi," akasema. "Usilipake. Mafuta ya mama yangu hayatatoka kwa majivu ya Kibiti."

"Na droo?"

"Droo ziache nyeupe. Umezipaka vizuri."

Tukazirudisha droo mahali pake. Kiwiliwili chekundu cheusi, droo za rangi ya maziwa, vishikizo vya shaba nilivyovisugua kwa ndimu. Akatia udi kwenye chetezo, akakiweka ndani ya droo moja baada ya nyingine. Kwa maoni yangu, niliyoyatoa baada ya kuulizwa, lilikuwa zuri.

Binti yetu alikuja Alhamisi, kama alivyosema. Alilizunguka. Akafungua droo ya juu, akafunga. Akainama, akanusa.

"Droo nzuri sana, Baba. Kama za dukani."

"Na kiwiliwili?"

"Juu kinanuka udi." Akavuta pumzi tena. "Chini kinanuka soko la samaki la Feri. Mama, nakuomba usikasirike. Meza ya kioo nimekwisha kuiagiza, inakuja kesho."

Mke wangu hakukunja nguo safari hii. "Na ije," akasema. "Pakia zote mbili. Ukuta ni wa watu wa Chumbi, watachagua wenyewe."

Nilimtazama. Hilo lilikuwa jambo zito kuliko alivyolitamka. Kabati likibaki nyumbani ni kabati lililobaki nyumbani. Lakini likipelekwa, likatazamwa na wanawake wa Chumbi, kisha likarudishwa, ni kumbukumbu ya mama yake iliyokataliwa mbele za watu. Alijua hivyo. Alikuwa ameamua.

Jumamosi vyombo vilipakiwa kwenye kirikuu mbili, vile vigari vidogo vya mizigo. Kabati lilikwenda na masufuria. Meza ya kioo, ikiwa imefungwa kwa blanketi na bado ina plastiki, ilikwenda na godoro. Mimi na mke wangu tulikaa mbele ya gari la kabati. Tulipopita juu ya daraja la Ndundu wanawake waliokuwa nyuma walinyamaza kidogo kuutazama mto, kisha wakaanza wimbo upya. Mke wangu hakuimba. Alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

Pale Chumbi alitupokea shangazi wa bwana harusi, mwanamke mpana wa mabega, ambaye wazazi wake waliteremka kutoka milima ya kusini kuja kulima mpunga bondeni. Vyombo vyote vilipita mbele yake. Godoro alilikalia. Sufuria kubwa alilitia kichwa. Kabati lilipoteremshwa, akaweka mikono kiunoni.

"Na hili? Hili lina nguo ndani yake au lina wavuvi?"

Wanawake wake wakashangilia.

"Wavuvi wameshukia njiani," mke wangu akajibu. "Walisikia wanakuja kwa watu wa milimani, wasiojua kuogelea."

"Nanga yake iko wapi?"

"Tumeiacha. Tulidhani huku mtalifunga kwa kamba, kama mbuzi wenu."

Kelele zikawa kubwa. Nilimwona binti yetu akiifungua ile meza upesi upesi, akavua blanketi, akavua plastiki, akainua kioo. Kilimeta juani. Wasichana wakakikimbilia kujitazama, simu zikatoka, na kwa muda hakuna aliyelitazama kabati. Mke wangu alikuwa bado anatabasamu kutokana na ule utani, lakini vidole vyake vilikuwa vimeurudia mkoba.

Shangazi alikwenda kwenye meza. Hakujitazama kiooni. Alipiga goti, akagonga ubavu wake kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga mguu wake, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa chini.

"Hizi ni mbao za unga," akasema. Sauti yake haikuwa tena ya utani. "Mnaukumbuka mwaka mto ulipoingia ndani? Nilikuwa nayo kama hii, mwanangu alinunua. Maji yalikaa siku tatu. Ilivimba kama andazi. Droo zikakataa kufunguka, kadi yangu ya kliniki imo ndani, mpaka tukaivunja kwa jembe."

Akainuka, akaja kwenye kabati. Akaomba maji. Akapewa kata, naye bila kumuuliza mtu akayamwaga yote juu ya kabati.

Nilisikia binti yangu akishtuka. Maji yalijikusanya yakawa matone, matone yakakimbilia ukingoni, yakaanguka mchangani. Shangazi akapitisha kiganja juu ya mbao, akakigeuza kiganja kutuonyesha. Kikavu. Akafungua droo ya juu, akatia mkono hadi kiwikoni. Kukavu. Akachungulia nyuma, akaikuta pamba iliyobaki kwenye nyufa, akaigusa, akamtazama mke wangu.

"Nani alilitunza hili?"

"Mama yangu."

"Kwa mafuta gani?"

"Ya papa."

"Hata miguuni?"

"Nyayo mara mbili."

Shangazi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata jibu la swali alilolikalia muda mrefu. Kisha akawageukia vijana wa kwao waliokuwa wakingoja kubeba. "Hili liingie ndani kwanza. Kabla ya kitanda. Na mkiligonga ukutani nitawagonga ninyi."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sitajaribu kuvieleza. Mke wangu alipiga cha kwanza. Hilo nililiona kwa macho yangu.

"Na meza yangu?" binti yetu akauliza, huku ameshika kioo.

"Rudi nayo Kibiti, mwanangu," shangazi akamwambia kwa upole. "Kule hamna mto."

Binti yetu alijitahidi kununa, hakufaulu. Alijitazama kiooni, akaweka sawa mtandio wake. "Haya," akasema. "Hata mimi sijawahi kuwa na meza ya kujipambia."

Wanaume tulipewa mkeka na pilau chini ya turubai. Shangazi na mke wangu hawakutoka. Dirisha la chumba cha maharusi lilikuwa wazi, na tuliwasikia wote wawili wakibishana kama kabati, kwenye ukuta ule mmoja, lisogee upande wa mlango au upande wa dirisha, likae upana wa viganja vingapi kutoka ukutani ili mgongo wake upate hewa, na papa wa kiasi gani hutoa chupa moja ya mafuta. Sauti ya mke wangu ilikuwa juu zaidi, ikitoa maelekezo, na vijana ndani wakisema ndiyo bibi, ndiyo bibi, huku miguu ya kabati ikisogezwa kwa mara ya tatu sakafuni.